Unatoka Wapi, Baada ya Brexit

Neema, mjukuu wangu,

Hapa mtaani kwetu Albert Park tuko wazima. Bibi yako amepona goti, amerudi kwaya.

Umeuliza kama uhame Leeds kwa sababu ya Brexit. Nililipeleka swali saluni. "Waingereza wametoka Ulaya?" akashangaa Mama Furaha, mwenye saluni. "Eish, si kule ndiko wanakotoka!"

Nikiwa mwandishi wa habari kijana Uvira, mpaka wa Burundi ulikazwa. Askari alimuuliza mchuuzi wa dagaa, "Unatoka wapi?" Alitaka jina la nchi. Yule mama akajibu, "Sokoni, afande, na nimechelewa." Askari akacheka, akampisha.

Nawe fanya kama yule mchuuzi, usihame. Pasipoti yako ya Ubelgiji peke yake haitoshi tena, kwa hiyo omba kibali cha ukaazi wiki hii. Kisha nenda kazini kwako wodini, wagonjwa wanakungoja.

Babu yako