Bibi aliniita kwa jina la mama

Zuleha pokea simu. Basi soma hapa.

Ile safari ya milimani Amani niliyokwambia, ya kutembezwa msituni na vijiji vya juu, tumerudi sasa hivi. Niko nyumbani Nguvumali.

Tulipotoka msituni, Noa anayetutembeza akatuingiza kwa bibi mmoja tunywe chai. Nikamwamkia shikamoo. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Chiku, umerudi."

Chiku. Jina la mama yangu.

Noa akamwambia, "Bibi, huyu ni mgeni."

"Mgeni gani, huyu mke wa mwanangu."

Na unajua mama anavyosema siku zote, kwamba huko milimani hajawahi kukanyaga.

Akanivuta mpaka nyuma ya nyumba. Kuna kaburi dogo limepandwa maua. Akasema, "Mwanao alikungoja sana. Mpaka homa inamchukua alikuwa anakuita."

Nikamuuliza mtoto aliitwa nani.

Akasema Hafsa.

Hafsa, Zuleha. Jina langu mimi.

Bibi alikuwa analia, ananiambia nimsemeshe mwanangu. Nikashindwa kumwambia kuwa mimi siye. Nikapiga magoti pale kaburini nikasema, "Mwanangu, nimerudi."

Mama yuko jikoni anakuna nazi. Ameniuliza tumepita vijiji gani.

Nimemtajia, na sasa simsikii tena akikuna.