Gari la Kijani Lenye Mgongo wa Mteremko

Mpendwa Baba Ayuma,

Jana nilipita Bukura na gari letu. Mzee mmoja akanipungia mkono akidhani ni wewe. Nami nikampungia. Ningemwambia nini?

Unakumbuka tulivyobishana kabla ya kulinunua? Uhuru ulikuwa ungali mbichi, na wazungu wa Lugari walikuwa wakiuza vitu vyao warudi kwao. Wewe, bwana shamba uliyechoshwa na pikipiki ya serikali, ulitaka gari la milango miwili, la kukimbia. Mimi nilitaka stesheni wagoni kama ile ya misheni. "Watoto watatu na magunia ya mbegu utaweka wapi, kichwani?" nilikuuliza. Ukanuna hadi Jumapili.

Kisha ukaja na lile la kijani. Mbele lilichongoka kama gari la mashindano. Nyuma, paa liliteremka taratibu hadi karibu na bampa, na mlango wa nyuma ukafungukia juu. Ukalaza kiti cha nyuma, pakawa mahali pa kulala mtu. "Mama Ayuma," ulisema, ukilizunguka kama bwana harusi, "hii inabebanga na inakimbianga. Sasa tumepatana."

Na kweli lilibeba: mahindi, kuku wa mama yako, watoto wakiimba huko nyuma. Ukanifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa kanisa, ukicheka hadi machozi kila lilipozima.

Likakubeba na wewe. Ugonjwa wa ini ulipokuangusha nilikulaza nyuma, nikashika usukani kwenda hospitali Kisumu. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa nikikwepa mashimo polepole, nikiogopa kukuumiza.

"Mama Ayuma," ukasema, "hii gari si punda. Kanyaga."

Nilicheka huku nalia. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia vizuri.

Siku ya kukurudisha nyumbani Butere, jeneza lilikataa kuingia lote. Ulikuwa mrefu, na mteremko ule ulioupenda ukazuia mlango kufungika.

"Shemeji, tutafute lori," akasema ndugu yako Makokha.

"Hapana. Ataenda na gari yake."

Akanitazama, kisha akavua koti, akaufunga mlango kwa kamba ya katani, ukabaki wazi nusu. Nikaendesha mwenyewe. Vumbi jekundu liliingia njia nzima, likakufunika kabla ya udongo wa kaburi. Kila tulipopita wanaume walivua kofia, na wanawake waliokuwa wakipalilia wakasimama na majembe yao.

Tulipomaliza kukuzika, niliwaita watoto tuondoke. Were, kitindamimba wetu, akagoma. Alikuwa ameshika bampa kwa mikono miwili.

"Tukienda na gari, baba atarudi na nini?"

Nilimbeba, nikamkalisha kando yangu, nikawasha gari.

Hajauliza tena tangu siku ile. Lakini tukitoka Butere hugeuka akapiga magoti kwenye kiti, akatazama nyuma hadi boma lipotee. Simkatazi.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Ayuma