Koki za Shamba la Kongwa

Kawetele, Tukuyu
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Obed,

Habari za huko Kongwa kwenye vumbi? Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na msaidizi wako Baraka na mkewe. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limepata nafuu, chai inachumwa, na mvua inanyesha kama kawaida yake, bila kuombwa. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nikishika simu tu, Baba anakuja kukaa pembeni na kuniamuru niweke sauti kubwa, na jambo la leo si la sauti kubwa.

Kwanza, gunia la karanga limefika salama stendi. Ndaga fijo, asante sana, kaka. Mama alikaanga za kwanza jioni ileile, nyingine akazitwanga akaungia mboga, na sasa majirani wanaijua njia ya kwetu kuliko ya kanisani.

Pili, uliniagiza nimchunguze Baba: kwa nini aliondoka kwako alfajiri bila kuaga, na kama bado anataka uache karanga urudi nyumbani. Najua limekukosesha raha, maana uliniambia kama ana kinyongo utauza mipira yote ya kumwagilia na kupanda basi. Tafadhali usiuze hata kipande kabla hujamaliza kusoma.

Unajua alivyokuja huko. Alituaga kwa maneno makubwa, kwamba mtu aliyezaliwa kwenye mvua hawezi kuzeekea kwenye ukame akinywesha mimea tone tone kama mgonjwa, na kwamba atarudi nawe hata kwa kukushika sikio. Akarudi peke yake, kimya, akalala mchana kutwa. Tukajua mmegombana.

Kumbe! Ukimya ulipomwisha hakuna aliyepumzika. Sasa Baba ndiye bwana shamba wa matone wa Kawetele nzima. Ibada ikiisha anawazuia wazee wenzake pale nje, mvua inawapiga mgongoni, anawaeleza jinsi mpira unavyolazwa kando ya mstari ukatoa maji penye shina tu, magugu yakabaki na kiu yao. Anawaambia karanga ikishachanua hushusha kikonyo kama sindano kutafuta udongo, na udongo ukiwa mgumu kikonyo hakiingii, mkulima akavuna majani. Mzee Ambilikile alimuuliza matone ni ya nini huku kwetu ambako maji tunayakimbia. Baba akamjibu kwamba mvua imewadekeza, hakuna hata mmoja wao anayejua kulima. Mzee Meshaki siku hizi anamwita Bwana Koki, naye anaitika! Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Lakini niligundua kitu. Akifika kwenye habari ya kufungulia maji, anageuza mazungumzo. Na tukisali kabla ya chakula anaombea karanga zako kwanza, sisi wanawe tunafuata. Siku gunia lilipofika hakungoja kisu, alilifungua kwa meno. Alipasua ganda moja, akaona punje zimejaa, akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni akawa analia huku anacheka. Mama alitaka kuita mchungaji.

Nikambana tukichuma chai. Akaniapisha nisikwambie. Kiapo chenyewe nimekivunja sasa hivi, Kyala anisamehe, maana siwezi kukuacha uuze mipira yako kwa jambo usilolijua.

Kaka, siku ile tenki lilipokauka, Baraka hakusahau kufunga koki. Ni Baba. Ulikuwa umekwenda mnadani. Jua lilipowaka aliona majani ya karanga yamelegea, huruma ikamshika, akasema mwanangu anawatesa viumbe hawa. Akafungua koki mbili zaidi ya zile za zamu, akaenda kujilaza kivulini akijiona mtu mwema. Alipoamka, mistari ya karibu na tenki ilikuwa matope, ya mbali haijapata kitu, na tenki tupu, wakati vikonyo ndiyo kwanza vinashuka. Akazifunga haraka. Uliporudi ukamgombeza Baraka, Baraka akajitetea, na Baba amekaa palepale akimwachia lawama. Asubuhi asingeweza kunywa uji aliopikiwa na mke wa Baraka. Ndiyo maana akaondoka. Hakuwa na hasira nawe hata kidogo. Alikuwa na aibu, na hofu kwamba amekuulia msimu.

Kuhusu kurudi, nilimuuliza waziwazi. Anasema mtu anayeotesha chakula mahali kama pale haitwi nyumbani, anatembelewa. Nimefurahi mno, kaka, nimefurahi kwa ajili yako na kwa ajili yake. Msimu ujao anataka aje tena, asimame mbele ya Baraka aseme mwenyewe, kisha afundishwe koki kama mwanafunzi.

Kondakta atakukabidhi mikungu miwili ya ndizi. Mdogo ni wako. Mkubwa ni wa Baraka, na Baba amesisitiza usiibadilishe.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Winfrida na wanakwaya wote wanakukumbuka. Mungu akulinde, wewe na shamba lako, mpaka tutakapoonana uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Tulia

Kaka, nilikuwa nimeshatia jina langu Baba akaingia. Ameichukua barua mezani akaisoma yote amesimama. Kisha amenigombeza kweli kweli, ila si kwa kutoboa siri. Amekasirika kwamba nimeandika koki mbili. Anasema kule kwenye chai alinidanganya, na ameniamuru nisahihishe kabla basi halijaondoka. Alifungua zote.