Kina mama waliobonyeza matangazo yangu

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, na Chamazi ikinyeshewa kidogo tu, tope linakuvua kiatu. Sijatoka. Nimejifunika kanga mabegani, moyo mzito, naandika hapa kwa sababu ndani ya nyumba hii hakuna wa kumwambia.

Akaunti yangu ya matangazo imefungwa. Leo asubuhi wamejibu rufaa niliyokata. Wamekataa, na uamuzi ni wa mwisho.

Kwa usiyenijua, mimi ndiye niliyetengeneza Maji Yametoka, programu ya simu inayokuonyesha kisima gani mtaani kina maji leo na kipi pampu imekufa, ili usisukume toroli la madumu bure. Watu wanaitumia sana. Kulipia ndiyo hawataki. Nilipojaribu kuweka ada ndogo ya mwezi, jirani yangu alicheka hadi akashika ukuta. "Maji tununue, na habari za maji nazo tununue?" Mwenye kisima mmoja alikuwa tayari kunilipa, kwa sharti nionyeshe ana maji hata siku asiyokuwa nayo. Nikamuaga kwa adabu. Yakabaki matangazo: kampuni ya nje inayaleta chini ya skrini, mtu akivutiwa akabonyeza, napata senti zangu.

Mama alikuwa anapata tabu na kazi yangu hii. Tangu baba afariki tunaishi wawili. Yeye anauza vitumbua asubuhi, mimi nashinda ndani na kompyuta. Wenzake wakimuuliza binti yako anafanya nini siku hizi, alikuwa anajibu, "Yupo tu, anaumwaumwa." Nilikuwa namsikia kupitia dirishani. Iliniuma, na sikuwahi kumwambia.

Basi siku malipo ya kwanza yalipoingia, nilimnunulia kitenge, nikamweleza kwa majivuno kidogo hela inatoka wapi. Watu wakibonyeza yale matangazo, mwanao anapata. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Yeyote akibonyeza?"

Nikasema yeyote.

Baada ya hapo grafu ya mapato ikaanza kupanda. Nilikuwa naifungua kabla hata sijapiga mswaki. Niliamini programu imevuka Mbagala, imefika Chanika, watu nisiowajua wameipenda. Nilianza hata kujiita mjasiriamali, peke yangu, mbele ya kioo.

Wiki iliyopita ndipo kampuni iliponitumia barua pepe ya kunifungia akaunti. Matangazo yanabonyezwa na simu zilezile, saa zilezile, eneo lilelile, na huo kwao ni udanganyifu. Nilikasirika sana. Kwenye rufaa nikaandika kwamba sijawahi kumwomba mtu yeyote abonyeze, na kwamba hakuna mtu ninayemfahamu angefanya kitu kama hicho. Niliandika kwa moyo safi kabisa.

Leo mchana kikundi cha mama kilikutana kwetu. Ni kina mama wanaozikana, wanaoshona sare moja kila harusi. Nikatoka na birika la chai, nikawaamkia, nikawakuta barazani wote wameinamia simu, kimya kama wanafanya mtihani. Bi Mwanaidi, mwenyekiti wao, akaniita.

"Mwanangu, mbona matangazo hayaji? Mie tangu wiki iliyopita nabonyeza patupu."

Nikauliza matangazo gani. Wakaangua kicheko, wakamgeukia mama, na mama akafunika mdomo kwa kanga kama bibi harusi. Hapo ndipo yalipotoka yote. Tangu ile siku ya kitenge, alikuwa amelipeleka jambo langu kwenye kikundi kama watu wanavyopeleka msiba au harusi. Akaomba binti yake achangiwe, na safari hii mchango ni kidole tu. Wakakubaliana kila mtu abonyeze akimaliza swala ya alfajiri, na tena jioni. Aliyeishiwa bando la intaneti, mama alimwekea kwa hela ya vitumbua.

"Tulikuficha usije ukaona haya," mama akasema. "Sie tulitaka uone mwenyewe yanaongezeka."

Uso wake ulikuwa unang'aa. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo.

"Ni mtandao unasumbua, eti?" akaniuliza.

"Mtandao, mama."

Nikaweka birika chini, nikaingia chumbani, nikalia mdomo ukiwa kwenye mto wasinisikie. Sina hasira na yeyote kati yao. Ninachokilia ni kwamba nilidhani nimependwa na wageni, kumbe ni watu wa nyumbani, na kwa kunipenda kwao nimefungiwa. Halafu nawaza lile bando. Wameteketeza hela yao ili mimi nipate kidogo, na hicho kidogo kampuni nayo imekizuia.

Mama yangu ni mtu wa kumkimbilia mteja hadi barabarani kumrudishia chenji aliyoisahau. Hilo neno udanganyifu nitalitamkaje mbele yake?

Wenzake walipoondoka alikuja mlangoni kwangu, bakuli la mchele wa kuloweka mkononi. "Nimewaambia wasichoke," akasema. "Yakirudi tutafidia siku zote hizi." Nikaitikia kwa kichwa.

Bila matangazo sina cha kulipia kuiweka programu hewani, na mwisho wa mwezi huenda ikazimika. Hilo linaniumiza, lakini naona naweza kulibeba. Naweza kutengeneza nyingine. Nisichokiweza ni kumwacha mama aendelee kuwanunulia watu bando la kubonyeza patupu.

Kwa hiyo kesho akirudi kutoka kuuza, kabla hajavua hata viatu, nitamkalisha nimweleze. Nitaanza na ahsante, kwa sababu hiyo sikumpa leo, na anaidai kuliko mtu yeyote. Halafu nitasema yaliyobaki.

Lakini nikishayasema, na wenzake wakamuuliza tena binti yako anafanya nini siku hizi, mama yangu atawajibu nini?