Maandishi ya Mgongoni mwa Saa

Mwaka umekatika, Baba, tangu utuache bila kuaga, umekaa kwenye kiti chako cha sebuleni, miwani puani. Majirani walikuita Majira, na hadi leo wapo wanaopita dirishani wakitaka kukuuliza ni saa ngapi.

Mchana ulikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Ukirudi nyumbani, mapenzi yako yalikuwa saa za mkono za Uswisi, zile kuukuu, adimu, za kutia ufunguo, walizovaa matajiri kabla sisi hatujazaliwa. Maisha mazima ulipata tisa tu, ukazilaza kwenye kopo la biskuti lililotandikwa flana. Hukununua saa mpaka mwenyewe akae, anywe chai, aseme ilivaliwa na nani na huyo nani aligombana na nani.

"Saa isiyo na umbea ni bati," ulisema.

"Na mume asiye na umbea nitampata wapi mimi?" Mama akakujibu.

Jumapili nyumba ilijaa. Uliwavisha wageni saa zako bila choyo, ukikataza jambo moja: kuzisugua. "Mikwaruzo hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa."

Hilo, Baba, hatukulishika. Tusamehe.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika, kaka mkubwa alitaka kukuenzi. Alichukua ile yenye uso mweusi uliopauka ukawa rangi ya kahawa, akaipeleka kwa fundi. Ikarudi inameremeta kama sufuria mpya, nasi tukapiga vigelegele. Daktari wa meno, mtani wako wa miaka yote, alipoishika aliigeuza mgongo, akaigeuza tena. "Jamani, mmempeleka mzee wa watu kunyolewa, karudi hana pua." Uso ulikuwa umepakwa rangi upya. Mgongoni, maandishi yote yalikuwa yamesagwa.

Na hiyo ndiyo ilikuwa saa ya yule mwalimu mjane aliyekuuzia baada ya mumewe kufa. Ulimwahidi kwamba mwanawe akija kuiulizia, ni yake. Mwezi haukuisha, binti yake akabisha hodi. Mama yake alikuwa amefariki. Alitaka kusoma maneno ambayo mama huyo alimchongeshea mumewe, kwani hakupata kumtajia.

Tukatazamana. Sisi tulioyapapasa kila Jumapili, hakuna aliyeyashika kichwani! Tukakimbilia jikoni.

"Mwambieni lolote zuri," Shangazi, dada yako, akanong'ona. "Atajuaje?"

"Hapana, Shangazi," kaka akasema, macho yamemwiva. "Ya kweli nimeyafuta mimi. Siwezi kumchongea ya uongo."

Akatoka, akapiga magoti mbele ya mgeni, akasema yote. Binti aliigeuza saa mgongo, akapitisha kidole palipokuwa laini, machozi yakamdondoka.

Ndipo Mama akasema polepole, "Mwanangu, mengine yamenipotea, nisikudanganye. La mwisho nalikumbuka. Lilikuwa 'mapema'."

Binti akainua uso. "Rudi mapema," akasema, akacheka huku analia. "Ndiye mama huyo! Hata mimi sikutoka nyumbani bila kuambiwa."

Ameivaa, Baba. Ahadi yako tumeitimiza, ingawa kwa aibu. Nane zilizobaki hazijaguswa na kitambaa, na sasa tunaandika habari za kila moja kabla vichwa vyetu navyo havijasuguliwa.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi. Wanao wanne, kaka mkubwa akitangulia kwa kuomba radhi. Dada yako, ambaye amekubali tuandike aliyosema jikoni. Wakwe na wajukuu. Mtani wako daktari wa meno. Na binti wa mwalimu, aliyeomba jina lake liwe mwisho kwa kuwa yeye ni mgeni. Mwisho tumemweka, ila ugeni tumemkatalia. Yeye ni wa nyumbani.

Maadamu tunapumua, Baba, hututoki moyoni.