Siku Dungu Lilipogeuka

Mpendwa mama yangu wa ukweni,

Shikamoo huko uliko. Sisi huku Michenga hatujambo. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa, mto umerudi kwenye mkondo wake, na kwelea kwelea wamefika kama kawaida yao, bila kualikwa na bila aibu. Kila tukihamia shamba msimu wa ndege nakukumbuka kuliko siku nyingine zote, kwa sababu ni hapa ulipoacha kuwa mama wa Deo ukawa mama yangu.

Unaukumbuka msimu ule? Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka hapa hapa shambani mwaka uliotangulia, ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Nilirudi nyumbani Kibaoni mikono mitupu, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba mkamwana wenu mimba hazikai. Sasa nilikuwa nayo ya pili. Kila aliyenisalimia alinisalimia mimi kwa mdomo na tumbo langu kwa macho. Sikuomba utajiri wala nyumba ya bati. Niliomba huyu mmoja akae.

Na dungu la baba mkwe, jukwaa lake la kulindia ndege, lilikuwa palepale, katikati ya shamba, juu ya miti mirefu, wazi pande zote. Mzee alikaa juu pale tangu alfajiri hadi jua linazama, ana debe lake na kombeo lake, anaona ndege wakitokea popote. Aliona ndege, na aliona kila kitu kingine. Mimi ni mkamwana, na kwa desturi ya nyumba yenu mkamwana haonekani na baba mkwe akielekea kujisaidia. Hata njiani kwenda huko hawapishani. Kule Kibaoni nilikuwa nasubiri mzee atoke aende zake. Shambani mzee hatoki. Bonde lote ni tambarare, mpunga unafika kiunoni, na kichwa cha mtu kikisogea pembeni kinaonekana hata na mwenye makengeza.

Basi nikawa nabana. Nabana asubuhi, nabana mchana, mpaka giza liingie. Na ili niweze kubana, niliacha kunywa maji. Jua la bonde linakuchoma utosini, kibuyu cha maji kipo pale kivulini, nami nakitazama tu kama kitu cha watu. Tena nilijisifu moyoni. Niliona hiyo ndiyo heshima, na wewe ulikuwa ukiwaambia wenzako kwamba umepata mkwe mwenye adabu kweli kweli.

Adabu ikaanza kuniwasha. Nikienda haja ndogo naungua kama nimekalia pilipili, yanatoka matone mawili, narudi, nimeshabanwa tena. Mkojo ukawa na ukungu, na harufu niliyoificha kwa kufua khanga kila jioni. Sikumwambia mtu. Halafu ikaja homa, nikatetemeka juani, na mgongo ukaniuma upande mmoja chini ya mbavu mpaka nikashindwa kuinama.

Hapo kila mtu akaleta ugonjwa wake. Deo akasema malaria, akanunua klorokwini dukani. Nikaimeza, nikajikuna mwili mzima, homa ikabaki. Jirani yetu Msukuma, mume wa Mama Kulwa, akasema ni kichocho, kwa kuwa sote tunashinda majini. Na wewe, mama, usinikasirikie nikikumbusha, ulisema ni chango la uzazi, ukanichemshia mizizi michungu ambayo mpaka leo nikiiwaza ulimi unajikunja. Magonjwa yote yalikuwa na wenyewe, isipokuwa wangu.

Jioni ile ulinikuta nyuma ya kibanda chetu cha shambani, nimechuchumaa, nimeshika ukuta, machozi yananitoka.

"We mkwe, unakojoa au unajifungua?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa na aibu, nikakueleza yote, hadi harufu.

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie shamba, mama."

"Na mchana unakwenda wapi?"

"Siendi. Baba yuko juu."

Ukaligeukia dungu. Nikasema, "Naona aibu, mama." Ukanijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako: "Mficha uchi hazai." Mithali hiyo nimeisikia tangu utoto, lakini siku hiyo hukuisema kama mithali. Uliisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake nyoka miguuni.

Kulipopambazuka tulivuka maji kwa mtumbwi, kisha Deo akanipakia kwenye baiskeli hadi Ifakara, na wewe ukaja nyuma yetu umepakiwa na baba Kulwa, unamhimiza njia nzima kama punda. Hospitali walinitoa damu, wakanipa na kichupa nilete mkojo. Damu haikuwa na malaria hata kidogo. Mkojo ulikuwa umejaa wadudu na usaha.

Nesi aliyetupokea alikuwa msichana mdogo mwenye subira, na aliihitaji yote, maana ulimhoji kama mahakamani.

"Hao wadudu wametoka wapi? Mkwe wangu ni msafi."

"Ni msafi, mama. Wengi wanatoka kwenye haja kubwa. Sisi wanawake njia yetu ya mkojo ni fupi, na ipo jirani na kule nyuma. Mtu akijifuta kutoka nyuma kuja mbele, anawasindikiza mwenyewe. Ajifute mbele kwenda nyuma."

"Endelea."

"Mkojo ukitoka mara kwa mara unawasukuma nje. Ukibanwa siku nzima wanazaliana humo. Mjamzito ndiyo zaidi, kwa sababu tumbo linabana njia, mkojo hautoki wote."

"Na usipotibiwa?"

"Wanapanda mpaka kwenye figo. Ndiyo hii homa, ndiyo huo mgongo. Na unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati."

Ulimuuliza kama ndicho kilichomwondoa yule wa kwanza. Hakuapa. Alisema huenda, maana hakuna aliyempima wakati ule. Ukajifunga khanga upya kiunoni, ukamwambia, "Huyu wa pili haondoki." Nakumbuka nililia, na kwa mara ya kwanza katika ujauzito ule nililia bila woga.

Wakanilaza, wakanichoma sindano. Homa ilipokwisha wakanipa vidonge vinavyomfaa mjamzito, na nesi akatuonya tusijinunulie zile kapsuli za rangi mbili za dukani, kwa kuwa nyingine zinamdhuru mtoto tumboni. Akasema nivimalize vyote hata nikijisikia mzima, halafu nirudi wapime mkojo tena. Ninywe maji mpaka mkojo uwe mweupe. Nisibane. Na kuna jambo jingine alilokunong'oneza wewe, ambalo ulinifikishia baadaye tukiwa jikoni, umekitumbulia macho chungu cha maharage kana kwamba chungu ndicho kilichoolewa na mwanao: "Na ile... baada ya shughuli ya usiku... usilale moja kwa moja. Amka ukakojoe. Deo akiuliza, mwambie ni amri ya serikali." Nilicheka mpaka nikahitaji kwenda muda uleule.

Lakini dawa ilikuwa nusu ya kazi, na wewe ulilijua hilo. Tuliporudi Michenga hukuingia hata ndani. Ulikwenda moja kwa moja chini ya dungu, mimi nikainama nikajificha ndani ya mpunga.

"Mzee, habari za ndege baadaye. Geuza dungu."

"Nini?"

"Ziba upande huu unaotazama kibanda. Ukae umetazama mtoni."

"Mama Deo, ndege wanatoka pande zote! Unataka tule majani?"

"Upande huu nitalinda mimi, chini, na kombeo langu."

"Toka lini dungu likazibwa? Watu watanicheka."

Ndipo ukasema lile neno. Hukupaza sauti, lakini nililisikia. "Ndege wakila mpunga tutapanda tena. Mjukuu wako tulimzika mwaka jana. Yeye utampanda wapi?"

Mzee akaliweka debe chini. Ukamweleza mkamwana wake alivyokuwa akibana haja ndogo mchana kutwa kwa ajili ya kumheshimu yeye, na heshima hiyo ilivyotaka kumla mtoto. Neno hilo hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kumtamkia mzee. Kesho yake asubuhi tulipoamka, dungu lilikuwa na ukuta wa matete upande wetu, umefungwa kwa kamba imara, na mzee kakaa juu, ametupa mgongo, anatazama mto. Hakuna aliyemcheka. Nani angethubutu, na wewe upo chini na kombeo?

Kisha ukajenga choo chako. Ulichagua kichuguu kile kikubwa kisichofikiwa na maji, mbali na kisima, ukachimba shimo, ukazungushia matete kuliko urefu wa mtu, ukaweka na kopo la maji. Ukakiita Ofisi. Ilikuwa raha kukusikia ukiniita mbele za watu: "Mkwe, hujaripoti ofisini tangu asubuhi!" Nami natoka mpungani naelekea kuripoti, na kibuyu changu cha maji ulikining'iniza mahali nisipoweza kukipita bila kunywa. Kwelea walikula ule ukingo wa kusini, tuseme ukweli. Ukasema waache wale, na wao wana wajukuu.

Mama Kulwa aliposikia kwamba nina vidonge, alikuja kuomba. Na yeye mkojo ulikuwa unamchoma. Nilikuwa nimeshapona, mkono ukaenda kwenye bahasha ya dawa, maana jirani ni jirani. Ukanikata: "Hizo si karanga, Mama Kulwa. Mkigawana, nyote wawili mtabaki na wadudu waliojifunza dawa. Vaa viatu, twende ukapimwe." Mkaenda. Aliporudi na dawa zake mwenyewe, akamtuma mumewe kwenye matete, na Ofisi ya pili ikasimama ng'ambo ya mfereji. Msimu uliofuata nilihesabu Ofisi mpaka nikachoka, hata huko wanakolisha ng'ombe.

Mtoto alikaa, mama. Alikaa mpaka mwezi wake ukatimia, akazaliwa hospitali ya Ifakara mzito kama mtoto wa chifu, analia kwa sauti ya kudai. Vigelegele ulivyopiga pale kwenye veranda, mlinzi alikuja mbio akidhani kuna ugomvi. Ukampa jina Ushindi. Padri akasema jina la ubatizo liwe Viktoria, ukamwuliza maana yake, akakwambia, ukasema basi aandike, ni yuleyule. Wale walionong'ona kwamba mimba zangu hazikai uliwapitishia mtoto mlango kwa mlango, Kibaoni yote, kwa kisingizio cha kuazima chumvi. Tulikuwa na chumvi tele.

Na kwenye jumuiya, sala ilipokwisha, wanaume wakiwa wameshainuka kutoka nje, uliwaambia wakae. Mwenyekiti akakohoa. Ukawaambia wote, wazee kwa mabinti, kuhusu maji, kubana, kujifuta, kumaliza dawa, na kupima mkojo kila kliniki hata kama huumwi. Wanawake waliinamisha vichwa kwa aibu, halafu mmoja akauliza swali, halafu wa pili, na tukatoka pale giza limeingia. Mimi nilikaa nyuma na Viktoria mapajani, nikajiona mtu niliyeolewa kwenye nyumba ya mashujaa.

Ulipotutoka tulilia sana, sitajifanya. Presha ilikuchukua upesi, hata hukupata nafasi ya kutupangia maziko yako mwenyewe, jambo ambalo najua limekuudhi. Deo bado akila maharage anasema hayafikii yako. Viktoria amefika umri wa kuchota maji, na anauliza habari zako kila mara. Namwambia bibi yake alipigana na ndege, na babu, na aibu, akawashinda wote.

Sasa sikia ya mwaka huu. Nina mimba tena, mama, kubwa, imebakiza kidogo. Kila kliniki wamenipima mkojo na kila mara umekuwa safi. Sijapata homa, sijaugua mgongo. Naivaa khanga yako ile ya njano, na tumbo limeivuta mpaka maandishi hayasomeki.

Baba mkwe hajawahi kuzungumza nami uso kwa uso, unamjua, na tangu uondoke amekuwa mkimya hata kwa ndege. Nilidhani mwaka huu atalirudisha dungu kama zamani, kwa kuwa hayupo tena wa kulinda upande wetu. Leo mchana jua limewaka, sote tumeinama shambani, mara nikasikia sauti yake kutoka juu, nyuma ya ukuta wa matete aliousuka upya kwa mikono yake. Hakugeuka.

"Viktoria! Mwambie mama yako jua kali. Anywe maji!"

Shamba zima lilisikia. Nikanyanyuka nikanywa, mama, kibuyu kizima, nimesimama wima katikati ya mpunga na tumbo langu mbele. Kisha nikaenda zangu, taratibu, bila kuinamisha kichwa.

Lala salama, mpiganaji wangu.

Mkamwana wako,
Mama Viktoria