Rangi Mpya, Mota ya Marehemu

Shoga, hebu sikia haya.

Dirisha la gari kuukuu la baba limekwama tena. Unakumbuka baba mdogo alivyoapa mbele ya picha ya marehemu baba kwamba mota ya zamani ya dirisha hilo ilikufa, akafunga mpya kwa pesa za mama?

Leo mama amefungua kava la mlango wa gari mwenyewe. Ameunga mota kwenye betri: kimya. Akakwangua rangi ya mota kwa bisibisi.

Chini yake, tarehe! Kama zile ambazo baba alikuwa akichora kwa msumari kwenye kila kifaa alichofunga. Mkono wa baba, shoga!

Baba mdogo, aliyekuwa akinywa chai yetu, akacheka: "Shemeji, kwani rangi si mpya?"

Mama akamwondolea kikombe. "Weka funguo za nyumba yangu mezani."